"Fremu Hainitoshi, Fundi": Kisa cha baiskeli ya boksi, Dodoma

Mwenye baiskeli ni mwalimu wa sekondari, na kwa tabia ya walimu alikuja na malalamiko yake yameandikwa kwenye karatasi. Magoti yanauma kwa mbele. Viganja vinakufa ganzi kabla hajamaliza nusu ya safari. Ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele akikata kona. Usukani "unaanguka" upande mmoja akienda polepole. Breki ya mbele ilikuwa inapiga kelele, sasa imenyamaza lakini haishiki. Pedeli ya kushoto inalia. Mnyororo ukipelekwa gia nyepesi kabisa unarukia kwenye spoku. Chini ya yote hayo kulikuwa na hukumu, imepigiwa mstari: fremu si saizi yangu.

Hukumu hiyo ndiyo iliyomleta. Hakuja nimtengenezee kitu. Alitaka nimwambie anaweza kuiuza shilingi ngapi ili aongezee anunue inayomtosha. Anakaa Ilazo, anafundisha upande wa Ihumwa, na alikuwa amesharudi kwenye daladala huku baiskeli imeegeshwa stoo.

Baiskeli yenyewe ni ile mnayoiona kila kona ya mji siku hizi: baiskeli ya gia 21, fremu ya chuma ya inchi 17, magurudumu ya inchi 26, shokapu mbele, breki za diski za kuvuta kwa waya. Aliiagiza Dar kwa simu, ikaja kwa basi ndani ya boksi, akaipokea stendi ya Nzuguni. Aliifunga yeye na mpwa wake barazani, mchana mmoja, kwa alenkii zilizokuja kwenye kifuko cha nailoni na spana ya kuazima kwa jirani wa bodaboda. Muuzaji alikuwa amemwambia kazi ni ndogo tu, baiskeli imeshaungwa asilimia 85.

Hiyo asilimia 85 ni lugha ya biashara ya maboksi, na si uongo ukihesabu vipande. Ila tazama ni vipande gani vinavyobaki: usukani, gurudumu la mbele, breki ya mbele, pedeli na siti. Yaani kila kitu unachoshika, unachokalia, unachokanyaga, pamoja na kinachokusimamisha. Na hata ile 85 iliyofungwa kiwandani imefungwa kwa haraka. Beringi nyingi hukazwa kupita kiasi, grisi hupakwa kama ya kuonja, na waya za gia huachwa bila kuvutwa sawasawa kwa sababu anayetarajiwa kumalizia ni fundi wa dukani. Ukinunua kwa simu fundi huyo hayupo. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kumchinja ni juu yako.

Msimamo wangu katika kazi hizi ni mmoja, na kisa hiki nimekiandika kwa ajili yake: mtu hapimwi juu ya baiskeli ambayo haijafungwa sawasawa. Kwanza chuma kikae, mwili baadaye. Ukianza na siti kwa sababu goti ndilo linalolalamika, unaweza kuzunguka mwaka mzima.

Kilichoonekana kabla ya kushika spana

Niliiegemeza ukutani nikasimama upande wa kushoto. Kwenye baiskeli za breki za diski, diski zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hukaa upande mmoja: wa kushoto, mnyororo ukiwa kulia. Hii ya mwalimu diski ya nyuma ilikuwa kushoto. Ya mbele ilikuwa kulia.

Hapo kazi ya kutafuta ilikuwa imekwisha, ila mtu mwenye hukumu yake mkononi huhitaji ushahidi zaidi ya mmoja. Kalipa ya breki ya mbele, yaani kile kibanio cha pedi kinachobana diski, ambayo inatakiwa kujificha nyuma ya mguu wa foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), ilikuwa imetokeza mbele kama taa. Mshale ulioandikwa ubavuni mwa tairi kuonyesha upande wa kuzunguka ulikuwa unaelekea nyuma. Waya wa breki ulizunguka shingo ya fremu ndipo ukafika kwenye kalipa, umejikunja vibaya. Nikamwomba ainame atazame chini ya bomba la chini la fremu, lile linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye krenki, ile mikono inayobeba pedeli. Rangi ilikuwa imechubuka, na juu ya mchubuko palikuwa na utepe mweusi wa mpira wa tairi.

"Hili tairi linagusa fremu?" akauliza.

"Ukifunga breki kwa nguvu, shokapu ikizama, linagusa. Mwalimu, foku yako imekaa kinyumenyume."

Hakuamini mara moja, na simlaumu. Kwenye baiskeli zetu za zamani, zile nzito za kubebea madumu ya maji, miguu ya foku imepinda kwenda mbele. Ukiigeuza hata mtoto wa darasa la pili atakuambia kuna kitu hakiko sawa. Foku ya shokapu miguu yake imenyooka. Ule upinde umebadilishwa kuwa hatua ndogo tu: midomo inayoshika ekseli imewekwa mbele kidogo ya miguu, na jicho lisilozoea halioni. Wapo pia wanaotegemea kutazama lile daraja linalounganisha miguu miwili ya shokapu juu ya tairi, wakisema lazima litazame mbele. Kwa nyingi ni kweli, lakini kuna makampuni hulitengeneza likiwa nyuma kwa makusudi, Manitou wakiwa wanaojulikana zaidi kwa hilo. Kwa hiyo usihukumu kwa daraja. Tazama midomo ya ekseli na kalipa.

Ilivyotokea si ajabu. Ili boksi liwe fupi, kiwandani huigeuza foku iangalie nyuma, wanafungua usukani na kuuning'iniza kwenye fremu kwa waya zake. Mwalimu na mpwa wake walipofungua boksi waliona shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani juu ya foku, inaangalia nyuma, wakalegeza bolti zake mbili, wakaizungusha shingo peke yake ikatazama mbele, wakafunga usukani. Foku ikabaki kama ilivyosafiri. Gurudumu lilipofika zamu yake likaingia bila kugoma, kwa sababu diski ikifuata kalipa ilipo kila kitu kinaingia vizuri tu. Hakuna kilichowaambia hapana.

Sentimita nne zilizogeuka nane

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu kila mstari wa ile karatasi unatokea hapa.

Foku ya aina hii huiweka ekseli mbele ya mstari wa shingo kwa takriban sentimita 4. Ukiigeuza, ekseli inakwenda nyuma ya mstari huo kwa sentimita 4 hizo hizo, hivyo gurudumu zima limerudi nyuma kama sentimita 8. Kwenye baiskeli ya inchi 26 hiyo ndiyo nafasi yote iliyokuwapo kati ya ncha ya kiatu na tairi, na zaidi. Kiatu lazima kiguse kila unapokata kona huku unakanyaga. Mwalimu aliona kiatu kinagusa, akaamua fremu ni fupi. Kwa macho yake alikuwa sahihi, kwa kuwa kweli baiskeli ilikuwa imefupishwa.

La usukani kuanguka linataka maelezo zaidi. Vuta kwa mawazo mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu mpaka ugonge ardhi. Tairi la mbele hugusa ardhi nyuma kidogo ya pale mstari ulipogonga. Umbali huo ndio unaolifanya gurudumu lifuate njia lenyewe, na kwa baiskeli hii, foku ikiwa sawa, ni kama sentimita 7. Foku ikigeuzwa unapanda hadi kama sentimita 15. Kwenye mwendo wa kasi mtu anaweza asione lolote zaidi ya usukani kuwa mzito. Lakini polepole, kwenye foleni au ukigeuka geti la shule, ukiuinamisha usukani kidogo tu uzito wa mbele unaubeba na kuumalizia mwenyewe. Ndiko huko "kuanguka". Dereva wa namna hiyo hujihami: anataka miguu yake ifike chini haraka.

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Nilipomuuliza siti aliikuta wapi, akasema aliishusha yeye mwenyewe wiki ya kwanza ili akiyumba aweze kukanyaga chini, kisha akaisukuma nyuma hadi mwisho wa reli zake akidhani atajiondoa kwenye tairi. Kurudisha siti nyuma hakuondoi kiatu kwenye tairi, maana kiatu kiko juu ya pedeli na pedeli haijahama. Kilichohama ni mwili. Siti ikiwa chini, goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko na linasukuma likiwa limekunjwa, na maumivu ya mbele ya goti ni matunda ya kawaida ya hali hiyo. Siti ikiwa nyuma sana, usukani unakuwa mbali, mtu analala kwa mikono. Juu ya hayo pua ya siti ilikuwa imeinama chini, hivyo alikuwa anateleza kwenda mbele na kujizuia kwa viganja kutoka Ilazo mpaka Ihumwa, huku upepo wa kiangazi unamsukuma kifuani. Ganzi ingekosaje?

Kwa maneno mengine, magoti na viganja vilikuwa vinalipa deni la foku.

Kuigeuza

Kazi yenyewe ni fupi na haihitaji kuchomoa foku, jambo ambalo wengi hawalijui wakaishia kumwaga gololi uani. Toa gurudumu la mbele. Fungua kalipa kwenye foku ili waya usivutike. Kifuniko cha juu cha shingo ya usukani, chenye bolti moja katikati, usikiguse bado, kwa sababu ndicho kinachoishikilia foku isidondoke. Legeza zile bolti mbili za ubavuni mwa shingo ya usukani. Sasa shika usukani kwa mkono mmoja, zungusha foku kwa mwingine nusu mzunguko, midomo ya ekseli ije mbele. Rudisha gurudumu, safari hii diski kushoto, na mshale wa tairi utajikuta wenyewe unaelekea mbele.

Mpangilio wa kukaza ndio unaoharibiwa mara nyingi. Kifuniko cha juu hakipo kwa ajili ya kushika usukani. Kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye beringi za shingo, na kinafanya kazi hiyo wakati bolti za ubavuni zimelegea tu. Kwa hiyo kaza kifuniko kwanza, kidogo kidogo. Vuta breki ya mbele, weka vidole kwenye maungio ya shingo na fremu, isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga chini ya vidole, ongeza kidogo. Inua gurudumu la mbele, usukani uzunguke kwa uzito wake pande zote bila kukwama. Ukikwama umezidisha. Ukiridhika, linganisha usukani na tairi, ndipo bolti za ubavuni zikazwe kwa zamu, huku mara mbili, kule mara mbili. Za mwalimu zilikuwa zimekazwa kwanza, kifuniko kikaja baadaye kwa nguvu zote. Shingo ilikuwa inagonga, naye hakuitaja kwenye karatasi kwa sababu alidhani ni sauti ya shokapu.

Alipoizungusha uani mara ya kwanza baada ya hapo hakusema kitu. Alikata kona ndogo, akakata nyingine ndogo zaidi, akatazama kiatu chake.

Breki iliyonyamaza

Huu ndio mstari ulionitia hofu kuliko yote. Breki inayopiga kelele inakera. Breki iliyokuwa inapiga kelele ikanyamaza ghafla na kuacha kushika, mtu ameifanyia kitu. Nikamuuliza taratibu ameipaka nini. Oili ya cherehani, akasema, matone machache kwenye diski.

Sitaki kumcheka. Kila chuma kinacholia nyumbani kwetu kinapakwa oili: bawaba ya mlango, cherehani, pampu ya kisima. Ila diski na pedi zinafanya kazi kwa kukwaruzana, na pedi ikishanywa mafuta haiyatoi kirahisi. Nilisafisha diski kwa spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikazitoa pedi nikazisugua msasa na kuzifuta kwa spiriti. Zilishika, lakini si kwa kiwango cha mtu anayeshuka mteremko na lori nyuma yake. Tukanunua pedi mpya. Hazina bei ya kumtoa mtu jasho, na kujaribu kuziokoa za zamani ni ubahili usio na maana.

Kelele ya awali ilitokana na kalipa kukaa upande, pedi moja ikisugua diski muda wote. Kalipa hizi za waya husukuma pedi moja tu, ile ya nje. Ya ndani imesimama, na inasogezwa kwa alenkii au kitufe kilicho upande wa spoku. Legeza bolti mbili zinazoifunga kalipa kwenye foku, bana breki mkononi ili kalipa ijipange juu ya diski, kaza ukiwa bado umebana. Kisha isogeze pedi ya ndani karibu na diski iwezekanavyo bila kugusa. Ukikuta diski inapinda kidogo kulia na kushoto gurudumu likizunguka, inarudishwa kwa kuivuta polepole kwa vidole vyenye kitambaa kisafi. Usitumie koleo lenye grisi, utarudi ulikotoka.

Pedeli na gia

Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Ya kulia hukazwa kulia kama nati zote, ya kushoto hukazwa kushoto, na zimegongwa herufi R na L mwishoni mwa ekseli zake ili zisichanganywe. Si ujeuri wa kiwanda. Uzito wa mguu unaozunguka unaifanya ekseli ya pedeli ijiviringe ndani ya tundu lake kinyume na mzunguko wa pedeli juu ya ekseli hiyo. Jaribu: shika kalamu ndani ya ngumi iliyolegea kidogo, uizungushe ncha yake duara kwa kidole. Kalamu itajiviringa kwenda upande mwingine. Kwa uzi wa kawaida pande zote mbili, pedeli ya kushoto ingejifungua yenyewe njiani.

Mwalimu na mpwa wake walianza kwa bahati mbaya na R upande wa kushoto. Iligoma, wakaamini ni ugumu wa kitu kipya, wakaongeza nguvu kwa ile spana ya jirani. Iliingia kimshazari mizunguko michache kabla hawajagundua. L ilipofungwa baadaye ilikuwa inakaa kwenye tundu lenye uzi uliokwisha kufa nusu, ikicheza na kulia kila inapokanyagwa. Hakuna dawa ya kukaza hapo. Ukiikaza zaidi unaumalizia uzi uliobaki, na siku ikichomoka utakuwa umesimama juu yake unapanda mlima. Tulitafuta mkono wa krenki wa kushoto kwa wauza spea za mtumba, wenye tundu la pembe nne linalolingana na urefu ule ule wa milimita 170 uliochapwa nyuma yake. Pedeli mpya ikapakwa grisi kwenye uzi, ikaanzwa kwa vidole. Isipoingia kwa vidole mizunguko mitatu ya mwanzo, itoe uanze upya. Bolti ya mkono wa krenki nayo ilikazwa kwa nguvu ya mwili wangu wote, maana hiyo ndiyo bolti inayolegea kuliko zote kwenye baiskeli mpya.

Mnyororo kurukia spoku lilikuwa jambo la boksi kutupwa kwenye buti ya basi. Ule mkono wa gia wa nyuma unaoning'inia na vigurudumu viwili ulikuwa umeingia ndani. Ukichuchumaa nyuma ya baiskeli unaona vigurudumu hivyo havikai mstari mmoja na spoketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo nyuma, vimeinamia spoku. Kipande cha chuma kinachoushika nilikinyoosha kwa kutia alenkii kwenye bolti yake na kuivuta taratibu, nikitazama kutoka nyuma kila mara. Chuma cha bei hii kinakubali kunyooshwa mara moja, mbili. Ukikizoesha kinakatika. Halafu skrubu mbili za kikomo: H kwa upande wa spoketi ndogo, L kwa upande wa kubwa. L ndiyo inayouzuia mnyororo usifike kwenye spoku, na hapa ilikuwa imefunguliwa mno. Nikaikaza mpaka mkono wa gia ukasimama sambamba na spoketi kubwa bila kuvuka. Mvutano wa waya ukarekebishwa mwisho, kwa kile kitufe cha kuzungusha pale waya unapoingia. Wengi huanza na kitufe, na gia zinakaa vizuri siku mbili.

Habu ya mbele, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa imekazwa mpaka ekseli inakwaruza vidoleni. Koni, zile nati zinazobana gololi zake, zikalegezwa kidogo, grisi ikaongezwa. Upepo ukajazwa kati ya kipimo cha chini na cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na miiba miwili ya mbigili ikang'olewa kabla haijafika kwenye tyubu. Mnyororo ukafutwa. Ulikuwa umepakwa oili nzito iliyotumika ya pikipiki, na kwa vumbi la Dodoma mchanganyiko huo unasaga spoketi kama msasa.

Sasa mwili

Ndipo nikamwambia avue viatu asimame ukutani.

Kwanza lile la fremu. Akiwa amepanua miguu juu ya bomba la juu, nyayo zote chini, palibaki nafasi ya kama vidole vitatu. Kwa mtu wa sentimita 172 fremu ya inchi 17 haina kosa lolote. Karatasi ikapoteza mstari wake wa mwisho.

Urefu wa mguu kwa ndani tuliupima kwa kitabu kikiwa kimebanwa juu kabisa kati ya mapaja, kimesimama sambamba na ukuta: sentimita 80. Kuna hesabu ya zamani ya waendesha baiskeli wa mashindano inayozidisha urefu huo kwa 0.883 kupata umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Kwake inatoa 70 na ushee. Tuliikuta siti yake kwenye 64. Hesabu hiyo naitumia kama mahali pa kuanzia tu, kisha naihakiki kwa njia isiyohitaji kalamu: kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamia sehemu pana ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hicho ndicho tunachokitaka.

Kabla ya kuinua siti nilitazama nguzo yake. Baiskeli za bei hii huja na nguzo fupi, na kuna alama ya kikomo iliyochapwa ambayo haitakiwi kuonekana juu ya fremu. Ikionekana, fremu inaweza kupasuka pale shingoni mwa siti, au nguzo ikapinda. Ya mwalimu kwenye 70 inabaki imefichika kwa upana wa kidole. Angekuwa na mguu mrefu zaidi kidogo, ningemwambia anunue nguzo ndefu kabla ya kupanda.

Siti ikarudishwa mbele hadi katikati ya reli zake. Hapo nilitumia uzi wenye nati mwishoni: krenki zikiwa mlalo, uzi ukishushwa kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele, nati iangukie karibu na ekseli ya pedeli. Si sheria ya Musa, kuna watu miili yao inataka vinginevyo, lakini inamtoa mtu kwenye makosa makubwa. Pua ya siti ikawa usawa. Mikono ya breki, iliyokuwa imelala usawa na kuvilazimisha viganja kukunjika kwenda juu, ikashushwa ifuate mstari wa mkono kutoka kwenye kiwiko. Usukani wenyewe haukubadilishwa wala kuhamishwa. Ulikuwa "mbali" kwa sababu siti ilikuwa imekimbia.

Sikumpandisha sentimita sita kwa mpigo. Misuli iliyozoea siti ya chini huumia nyuma ya goti ikinyooshwa ghafla. Tulianza na 67, akaondoka nayo.

Aliporudi kukaziwa bolti, kama nilivyomtaka afanye baada ya siku za mwanzo, ganzi ilikuwa imekwisha na kiatu hakijagusa tena. Goti la kulia lilikuwa bado linamkumbusha asubuhi. Mkono mpya wa krenki ulikubali robo mzunguko zaidi. Spoku mbili za nyuma zilikuwa zimelegea, na rimu inayumba kidogo. Hilo ni la ubora wa gurudumu lenyewe, tutaendelea kulishika mkono mpaka atakapopata lingine. Shokapu nimemweleza asiitegemee. Ni springi na plastiki, inazama kwenye breki na haifanyi mengi kwenye mawe, lakini kwa barabara ya Ihumwa inatosha.

Tukapandisha siti hadi 69. Nilitaka 70. Akasema kwenye 70 akisimama nyuma ya daladala inayopakia anahisi ananing'inia, na kwa mtu aliyekwisha kuyumbishwa na usukani wake mwenyewe woga huo una haki yake. Goti halikulalamika kwenye 69, kwa hiyo sikubishana. Suala la bei ya kuuzia hakulirudia tena.